Safari Tukufu ya Feni Kutoka Chumba cha Mgeni

Sogeeni, enyi wenye masikio na subira! Aliye jikoni aepue chungu, aliye kitandani ajikokote, na anayechezea simu ailaze kifudifudi, maana haya yajayo si maneno ya kupita. Mmekwisha kusimuliwa habari za majemadari waliovuka milima na wafalme walioteka miji. Hao nao walijitahidi, hatuwadharau. Lakini mimi nawaletea habari za mtu aliyebeba feni kutoka chumba kimoja hadi kingine, ndani ya nyumba ya watu, kwa mikono yake mwenyewe, bila kuombwa mara ya pili. Kusema kweli hakuombwa hata mara ya kwanza, na hapo ndipo ulipo utukufu wake.

Shujaa wetu alikuwa mwalimu wa jiografia: mtekaji wa ramani, mjuzi wa pepo zote zivumazo juu ya uso wa dunia, asiyeuliza njia hata akipotea. Shule ilipofungwa, na joto likapanda hata lami ikawa inanata kwenye soli za viatu, alimpigia simu rafiki yake wa ujanani, fundi wa majokofu, aliyeishi katika mji wa mbali ambao Mwalimu aliamini una baridi kuliko wake. Haukuwa na baridi. Jiografia ni somo pana.

"Ndugu yangu," alinguruma simuni, "napita hapo kwako siku mbili tatu tu, nipunge upepo."

"Karibu sana, nyumba ni yako," akajibu Fundi, maana ndivyo waungwana wanavyojibu kabla ya kumuuliza mke.

Naam, Mwalimu akafunga mzigo. Sanduku lake lilikuwa kubwa kama jeneza la mtu mwenye cheo, na ndani yake mlikuwamo suti ya sufu, atlasi mbili, pasi na viatu vya mvua. Taulo halikuwamo. Sabuni haikuwamo, wala kandambili. Wenye busara ya safari husema mgeni abebe vile atakavyovihitaji kila siku, na aache nyumbani vile atakavyovihitaji siku akialikwa ikulu. Lakini tangu lini mashujaa wakafunga mizigo kwa busara za watu wadogo? Zawadi hakuisahau. Alinunua keki nzuri ya wenyeji wake, kisha ndani ya basi akaionja kidogo kuhakikisha haina madhara. Alikuwa mtu makini: alihakikisha karibu nusu.

Nyumba ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili vya kulala chini ya bati tupu, lisilo na dari. Watoto walikuwa wamepelekwa likizo kwa bibi yao, kwa hiyo Mwalimu akapewa chumba chao, na kitanda chao pia, ambacho kilimtosha mpaka magotini. Mke wa Fundi alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku: alitoka nyumbani watu wakirudi makwao, na akarudi watu wakitoka. Usingizi wake ulikuwa wa mchana, katika chumba kilichoelekea magharibi, mahali ambapo jua huja kupumzika likichoka kuunguza kwingine.

Na feni? Katika nyumba ya mtu anayepoza vinywaji vya mji mzima palikuwa na feni moja tu, ya kusimama, yenye shingo iliyofungwa kwa utepe mweusi. Kinyozi hajinyoi. Siku zote feni ile ilisimama miguuni mwa kitanda cha Muuguzi. Lakini jioni ile alipofika mgeni, Fundi aliibeba kimyakimya akaiweka kwenye chumba cha watoto, na mkewe, japo aliiona ikipita mlangoni kama mtu anavyoona basi lake likiondoka, akatabasamu na kusema, "Shemeji, jisikie nyumbani."

Mwalimu, ambaye hajawahi kukaidi amri ya mwanamke, akajisikia nyumbani kupita wenye nyumba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yakini, wahenga hao hawakuwa na feni moja.

Siku mbili tatu zikapita, zikazaa nyingine, na hizo nazo hazikuwa tasa. Asubuhi Muuguzi alirudi kutoka wodini, miguu imevimba, akakuta bafu limefungwa na ndani mtu anaimba. Hatimaye mlango ulifunguka, mvuke ukatangulia, na shujaa akatokea katikati yake akiwa amejifunga taulo la njano ambalo hakuja nalo.

"Pole na kazi, shemeji!" alisema kwa ukarimu. "Maji yamebaki kidogo kwenye ndoo."

Kisha akaenda zake mbele ya feni, akaizungusha mpaka namba tatu, akalala chali na atlasi kifuani. Mara moja tu alitoa neno la manung'uniko, tena kwa upole.

"Shemeji, si kwamba nalalamika, ila hii feni ina kelele. Hamna nyingine?"

"Hamna nyingine, shemeji."

"Aha. Basi nitaivumilia."

Na akaivumilia, mchana na usiku, pasipo kuizima, kama shahidi wa imani.

Ikawa mchana mmoja, jua likiwa limeketi juu ya bati kama mgeni asiyetaka kuaga, umeme ukakatika. Yale mapanga matatu ya feni yakapunguza mwendo, yakaguna, yakatulia. Na kwa mara ya kwanza tangu shujaa afike, nyumba ikawa kimya, na katika ukimya ule zikasikika sauti mbili kutoka jikoni. Fundi alikuwa amerudi kula. Muuguzi alikuwa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji.

"Sijalala," Muuguzi alikuwa akisema. "Kile chumba ni tanuri. Nimegeuka na kugeuka mpaka shuka limeloa. Nimekuja kujilaza hapa jikoni, sakafuni, angalau saruji ina ubaridi."

"Vumilia kidogo, mama. Ataondoka."

"Lini?"

Fundi akatafuna pole pole, kama mtu anayelitafuta jibu ndani ya tonge.

"Jana usiku nimesinzia nimesimama," akaendelea mkewe. "Nina sindano mkononi. Mgonjwa ndiye kaniamsha. Ananiambia, dada, hiyo si yangu, ni ya kitanda cha pili. Mgonjwa, unanisikia? Mimi sijawahi kukosea sindano tangu nianze kazi."

"Nimekusikia."

"Basi mwambie rafiki yako atupe feni yetu. Mchana tu. Usiku akae nayo, mimi sipo."

"Nimwambieje?" Sauti ya Fundi ilishuka. "Mwaka ule nilipofukuzwa kazi, sina mbele wala nyuma, ndugu zangu wenyewe hawapokei simu, ni yeye aliyenichukua. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Akanilaza mimi kitandani, yeye akalala chini mpaka nilipopata kazi. Hata siku moja hakuniuliza naondoka lini. Leo nikamnyang'anye feni?"

Maji yalitikisika ndani ya beseni.

"Alikulaza wewe kitandani, sawa," akasema Muuguzi. "Lakini hapa anayelala chini ni mimi."

Mlango wa chumba chao ukafungwa taratibu. Muuguzi alikwenda kujaribu kulala tena.

Basi, enyi wasikilizaji, shujaa alifanya nini? Alifanya wafanyavyo mashujaa wote wakielezwa ukweli: alikasirika. Aliazimia kufunga sanduku papo hapo na kuondoka bila kuaga, ili wajute. Lakini kufunga sanduku lile katika joto lile, tena bila feni, lilikuwa jambo zito, na alipokuwa akilitazama tu, hasira ikaanza kumvuja pamoja na jasho. Akaikumbuka ile sakafu ya zamani. Akakumbuka mgongo ulivyokuwa ukimuuma asubuhi, na jinsi alivyosema "nimelala vizuri sana" ili rafiki yake asione haya. Mtu yule aliyelala sakafuni alikuwa kijana, mwembamba, na wala hakujiona mwema. Mwalimu alijitazama tumbo, akajiuliza kijana yule alimwacha kituo gani.

Hapo umeme ukarudi. Feni ikaguna, ikazunguka, upepo ukampiga usoni, mtamu kama msamaha wa bure. Na historia ikayumba. Laiti mngalimwona! Nyusi zake zililegea, mdomo ukafunguka kidogo, na nafsi yake ikamnong'oneza kwamba jambo hili lingeweza kabisa kusubiri mpaka jioni. Akakaa. Akakaa tena. Kisha akainuka, na kuinuka kule, kwa mtu aliyeshiba chakula cha mchana, kusichukuliwe kijuujuu.

"Ewe mwenye mapanga matatu," aliiambia feni kwa kunong'ona, "uliyenitumikia pasipo kuchoka, leo nakurudisha kwa mwenyewe." Akachomoa waya, akaikumbatia ile shingo iliyofungwa utepe, akaanza safari.

Adui wa kwanza alimkuta mlangoni, naye ni sanduku lake mwenyewe, lililolala pale tangu siku aliyofika, kwa kuwa hakuna mtu wala samani iliyokuwa na nguvu ya kulisogeza. Kidole gumba cha mguu wa shujaa kililipiga kwa ushujaa wote. Akapiga yowe lisilo na sauti, akasonga mbele kwa mguu mmoja. Waya ukanasa kwenye mguu wa kitanda, ukamvuta nyuma kama mtoto asiyetaka baba aende kazini. Akauvuta nao ukamvuta, mpaka ukaachia ghafla na kumtupa ukutani. Utepe ukafunguka. Kichwa cha feni kikamwangukia begani kama bibi harusi aliyechoka na sherehe, na hivyo ndivyo wawili hao walivyoingia ukumbini, na ndivyo Fundi, akitoka jikoni na sahani iliyolowa, alivyowakuta.

"Mwalimu! Feni imeharibika?"

"Feni ni nzima. Aliyeharibika ni mimi, na ndiyo kwanza natengenezwa. Nipishe."

"Unaipeleka wapi?"

"Ilikotoka."

Fundi alimtazama, akatazama mlango wa mkewe, uso ukamshuka. "Umetusikia."

"Umeme ulikatika, ndugu yangu. Nyumba yako ina mwangwi mzuri mno."

"Hapana bwana, irudishe. Mgeni wangu hanyang'anywi feni. Nitauficha wapi uso wangu?"

"Sikiliza, rafiki yangu wa enzi na enzi! Nimekula kwako, nimekoga kwako, nimelala kwako. Heshima ndiyo nimeipata sasa hivi tu, bado mbichi. Usininyang'anye!"

"Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Ulisema nyumba ni yangu!"

Fundi, aliyezidiwa kwa hoja, akashika mguu wa feni. Mwalimu akaishika shingo. Vita vya watu kunyang'anyana vimesimuliwa vingi. Hivi vilikuwa vya kupeana, navyo ni vikali zaidi, kwa sababu kila mmoja anaamini yuko upande wa adabu. Wakavutana mpaka jikoni, wakavutana mpaka mlangoni mwa bafu, wakitukanana kwa minong'ono ya mapenzi, mpaka kitako cha feni kikachomoka, Fundi akakaa chini nacho mapajani, na ile sahani ikapasuka kwa sauti ambayo ingemwamsha hata aliyelala. Sembuse ambaye hakulala.

Mlango ukafunguka. Muuguzi alisimama pale, nywele zimemlalia upande mmoja, macho mekundu.

"Mnapigania nini mchana huu?"

Mwalimu akavuta pumzi, akajaza kifua. "Shemeji! Mbele ya mumeo na mbele ya kuta hizi, mimi niliyekula katika sahani zako, nikajifuta kwa taulo lako..."

"Lile la njano? Kumbe ulijua ni langu?"

Kifua kikashuka. "Nilijua," akasema shujaa.

"Haya, endelea."

Lakini hotuba ilikuwa imekwisha kumkimbia, na yaliyobaki yalitoka bila mapambo. "Nimekuletea feni yako. Nilidhani napigwa na upepo tu. Kumbe nilikuwa nakula usingizi wako. Nisamehe, shemeji. Sikuangalia."

Muuguzi aliitazama feni isiyo na kitako. Fundi, akiwa bado sakafuni na kitako mapajani, alikiinua juu kama sadaka.

"Iwekeni pale, miguuni mwa kitanda," akasema Muuguzi. "Namba tatu. Halafu mtoke wote wawili, na mwenye hotuba akahutubie barabarani."

Fundi akarudisha kitako kwa bisibisi, Mwalimu akafunga shingo kwa utepe, na wakatoka kwa kunyata. Nyuma ya mlango feni ikaguna, ikashika kasi. Hazikusikika tena sauti za kitanda, wala za mtu kugeuka.

Wanaume wale waliketi jikoni, jasho likiwatiririka, miguu yao minne imebanana katika beseni moja.

"Kesho naondoka," akanong'ona Mwalimu.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Ndiyo maana ni wakati mzuri."

Fundi akacheka, akampiga bega, wala hakubisha sana. Kisha shujaa akaokota vipande vya sahani, akaosha vyombo, na sponji likaona sura yake kwa mara ya kwanza. Akafua taulo la njano, akalisuuza mara mbili, akalianika.

Jua lilipolegea, Muuguzi akatoka akiwa amevaa sare yake nyeupe, alama ya mto imechorwa shavuni. Akawatazama wale wawili, akatazama vyombo vinavyong'aa.

"Shemeji," akasema, "nimelala."

Akachukua mkoba wake, akaenda kazini kwa mwendo wa mtu aliyepumzika.

Basi na ijulikane kwa vizazi! Wanaojenga sanamu wajenge: mtu mnene kiasi, kidole cha mguu kimevimba, feni begani. Wapige mizinga kama ipo. Miji imetekwa ikapotea, na walioiteka hakuna awakumbukaye. Lakini mchana ule wa jua kali mtu mzima mwenye digrii aligundua, peke yake, kwamba kuna watu wengine ndani ya nyumba.

Aliyesikia akasimulie. Na aliye ugenini sasa hivi, mbele ya feni, ainuke.