Programu ya Kukataa Ndugu

Jumatatu, 5 Mei. Suva. Mvua.

Kampuni ya saba imezaliwa rasmi leo saa tatu asubuhi, barazani, baina ya ndoo mbili za kukingia mvua. Jina lake Vosota, yaani samahani. Mkurugenzi: mimi, Setareki. Wafanyakazi: mimi. Safari hii hainiponyoki!

Sita zilizotangulia sizilaumu. Ile ya kutabiri mvua ya Suva ilipatia kila siku, hakuna aliyejiunga. Ile ya kupeleka mikate kwa ndege isiyo na rubani ilikwenda vizuri mpaka mbwa wa mtaa wa Nabua walipoijua ratiba. Nyingine nisiziandike. Mwandiko wangu unaharibika nikikasirika.

Vosota ni kitu kingine. Hapa visiwani kwetu ndugu akikuomba kitu, humnyimi. Ndiyo heshima, na ndiyo maana sina sufuria kubwa, mashine ya kukatia nyasi wala koti la mvua. Sasa Vosota inakaa ndani ya simu. Ujumbe wa kuomba ukiingia, inaujibu yenyewe kwa maneno matamu: "Ndugu mpendwa, kitu hicho kimekwenda msibani na mjomba. Mungu akubariki." Kisha inaufuta, usiuone hata wewe, moyo usije ukalainika. Hapo kwenye kufuta ndipo penye akili. Nilikaa wiki nzima kupafikiria.

Mwekezaji anakuja Ijumaa kutoka Brisbane. Bi. Maree Tranter. Alumita, mke wangu, ametoa sharti lake akiwa amevaa sare ya zahanati, begi begani, kwa hiyo sikupata nafasi ya kujitetea. Bi. Maree akitia saini kabla ya Jumapili, niendelee. Asipotia, nikatafute kazi kama waume wengine. Amesema haogopi umaskini. Amechoka tu kuulizwa na wauguzi wenzake mumewe anafanya nini, na yeye kujibu "bado". Neno hilo limenichoma.

Jumanne, 6 Mei. Mvua.

Wiki tatu za majaribio kwenye simu yangu mwenyewe zimetimia. Maombi yaliyokataliwa: mia mbili na kumi na nne. Vitu nilivyotoa: hakuna. Raha!

Alumita ameuliza kama baba yake amenitumia ujumbe wowote. Nimesema hata mmoja. Akasema ajabu. Sioni ajabu yoyote. Mtu na mkwewe hawasemezani ovyo. Nimeoa miaka kumi na minne, na mimi na mzee Inoke hatujawahi kugombana, kwa sababu hatujawahi kuongea.

Tatizo ni majirani. Wamesikia habari za Vosota na wote wanaitaka. Wote ni ndugu. Wamepanga mstari kuniomba programu ya kukataa maombi, nami nimeshindwa kukataa. Kumi na tisa wameipata bure. Nimejiambia hao ni watangazaji.

Jumatano, 7 Mei.

Balaa! Hili sikulifikiria. Ndugu akikataliwa kwenye simu, hakati tamaa. Anajifunga sulu yake nzuri, shuka yetu ya kiunoni, anafunga kwenye gazeti mizizi ya kava, kile kinywaji cha heshima, anakuja mwenyewe. Na mtu aliyekuja na kava, akakaa mkekani kwako, humkatalii kitu. Tena unampa na chakula. Leo wamekuja sita.

Shangazi Vasemaca alikuwa ameomba chumvi tu. Alipojibiwa kwamba chumvi imekwenda msibani na mjomba, akaja mbio na mkeka wa rambirambi, analia, anauliza mjomba yupi. Tukalia naye kidogo, kwa adabu. Ameondoka na chumvi, kikaango na feni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji sijapona.

Jioni akaja Peceli. Huyu ni fundi simu sokoni, na ni mtani wangu; kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mababu. Anaweza kunitukana mbele ya mchungaji. Anaweza kubeba chochote changu. Nikikasirika, mwenye aibu ni mimi. Amepita moja kwa moja hadi mezani, akasema watu wa kijiji chetu tuliumbwa Jumamosi jioni kwa udongo uliobaki, akasema kichwa kama changu hakistahili kompyuta, akaibeba. Kompyuta! Na Vosota nzima imo ndani!

Haki hiyo ninayo na mimi, nisidanganye. Mwezi uliopita nilibeba kigoda chake. Kigoda!

Nilicheka, kama desturi inavyotaka. Nilicheka mpaka alipofika barabarani. Kisha nikaupiga mgomba teke, na kidole gumba kimevimba.

Ijumaa, 9 Mei.

Bi. Maree amefika saa nne, amelowa. Amekuta ndugu wanane mkekani, kila mmoja na ombi lake. Hakuna namna ya kupita bila kukaa. Akakaa, akapewa kifuu cha kava, akakinywa chote, akapiga makofi mahali pasipo pa makofi. Shangazi Vasemaca amempenda papo hapo na ameomba kofia yake. Ameipata.

Akaomba kuiona kompyuta. Nikasema kwa macho makavu kwamba ipo kwa wahandisi. Peceli, ambaye sijui aliingia saa ngapi, akasema ipo chini ya kitanda chake, karibu na viatu. Mkeka mzima ukacheka. Nikacheka na mimi.

Basi nikamwambia Bi. Maree aijaribu simu yangu. Aiombe chochote. Akaandika kuomba mwavuli. Sekunde mbili: mwavuli umekwenda msibani na mjomba. Akaomba gari. Akaomba nguruwe. Akaomba figo yangu. Vyote msibani! Akacheka mpaka kava ikammwagikia, akasema mjomba huyo ana mabega mapana. Amekubali kwamba inafanya kazi. Amebakiza jambo moja tu: mteja mmoja wa kweli, mwenye matawi, asiyekuwa binamu yangu. Kabla ya ndege yake kesho mchana.

Alumita amenikumbusha kwamba baba yake ana maduka sita ya vifaa vya ujenzi huko Nausori, na kwamba ndugu wanayamaliza msumari mmoja mmoja. Nimecheka. Mzee Inoke ni mtu wa nyundo, teknolojia ataijulia wapi? Angeitaka, angeomba. Hajaomba. Alumita ameinuka, akaenda kumenya mihogo.

Jumamosi, 10 Mei. Mvua ya kunitafuta mimi.

Nimezunguka mji tangu alfajiri kwa mguu mmoja mzima. Kinyozi: ana tawi moja, nalo ni kiti. Mwenye duka la mikate: ana matawi matatu, ila ni binamu, na bado ana kinyongo cha ile ndege. Mchungaji: aliniuliza, watu wote wakiwa na Vosota, paa jipya la kanisa atalichangia nani. Nikaomba radhi nikatoka. Saa sita ikapita. Nikakaa kituoni na sulu iliyolowa. Nilitaka kulia, nasema ukweli.

Nikampigia Bi. Maree kumuaga. Akapokea kwa furaha, yumo ndani ya ndege! Akanipongeza. Akasema mshirika wangu amemletea mteja hadi uwanjani, maduka sita, na saini zimeshatiwa. Nikauliza mshirika yupi. Simu ikakatika.

Nina mshirika! Simjui, lakini ni mchapakazi. Nimekimbia hadi nyumbani, kidole na uvimbe wake. Nimemwambia Alumita tumeshinda. Amenikumbatia jikoni, mikono ikiwa na unga. Sijakumbatiwa hivyo tangu kampuni ya pili.

Jumapili, 11 Mei. Siku ya Mama.

Niandike haraka, nimalize.

Tumetoka kanisani, wote tumevaa nyeupe. Nyama bado ipo shimoni kwenye mawe ya moto. Nje, nani? Mzee Inoke, na msemaji wa ukoo wao, na jino la nyangumi limening'inia kwa kamba yake. Nyuma yao Peceli, shati jipya, kwapani kompyuta yangu.

Msemaji akapiga magoti, akaeleza kwa niaba ya mzee. Mzee akatazama mkeka. Kumbe mzee Inoke ameniandikia mara tisa! Mara tisa, kwa wiki tatu, akiomba Vosota kwa maduka yake yote, na akisisitiza asipewe bei ya ndugu. Mara tisa akajibiwa kwamba imekwenda msibani na mjomba. Mara mbili za kwanza alituma mikeka kwenye ukoo wetu, akiuliza maziko ni lini. Ya tatu akaanza kushangaa. Ya tisa akaamini simu yake imeharibika, maana hakuna mkwe duniani anayeweza kumjibu hivyo mkwewe. Alhamisi akaipeleka sokoni kwa fundi. Fundi ni Peceli. Mezani kwa Peceli, kompyuta yangu, Vosota imefunguliwa.

Peceli amesema, bila kuona haya, kwamba kitu cha mtani kikishabebwa kimebebwa. Jana walikwenda wote wawili uwanjani, mzee kama mteja, Peceli kama mwenye Vosota.

Nilitaka kukasirika. Lakini mtani ni mtani, mkwe ni mkwe, na jino lilikuwa hapo mbele ya pua yangu na ombi lake: niachane na makampuni, nikauze misumari kwenye duka la pili. Ombi la jino la nyangumi halikataliwi. Nikamtazama Alumita. Alikuwa na ua jeupe kifuani na hakunisaidia hata kwa ukope. Nikalipokea kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Peceli alipiga kwa nguvu kuliko wote, akasema sasa nimepata kazi inayolingana na kichwa changu, kwa kuwa msumari nao una kichwa na hauna kitu ndani. Akachukua paja la kuku kwenye sahani yangu.

Jioni nilimwomba Alumita msamaha kwa furaha ya jana. Akasema hana hasira. Kesho wauguzi wakimuuliza, atawajibu, "Mume wangu anauza misumari." Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya kisichombana.

Jumatatu, 12 Mei. Nausori.

Niko kaunta. Misumari ya inchi mbili kushoto, ya inchi nne kulia. Mpaka saa sita wamekuja ndugu watano wa mzee Inoke na kava zao, kwa sababu simu ya duka iliwakatalia. Wote wameondoka na misumari.

Na hapo ndipo nikaona! Vosota haina kosa. Ilikataa mia mbili na kumi na nne, hata mkwe hakupenya! Kosa ni watu kuja wenyewe. Kampuni ya nane, basi: kamera ya getini. Inamtambua kwa mbali mtu aliyebeba mkeka, kava au jino la nyangumi. Inafunga madirisha, inazima redio, inabweka. Lo! Kwa nini sikuanza na hii? Alumita asijue kwanza. Siri kabisa.

Nahitaji kompyuta tu. Nimemtumia Peceli ujumbe, nikamwomba ile yangu kwa wiki moja. Sekunde mbili: "Ndugu mpendwa, kitu hicho kimekwenda msibani na mjomba. Mungu akubariki."

Nimejivunia. Maneno hayo nimeyatunga mimi, na bado yanachoma. Kesho nikitoka kazini nitafunga kava kwenye gazeti niende kwake mwenyewe, nikae mkekani, nimweleze wazo lote la kamera tangu mwanzo hadi mwisho, aelewe kwa nini naihitaji.