Uaminifu Ishirini kwa Ishirini

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Kocha mkuu ameondoka. Wa nne tangu Agosti! Ameacha filimbi mezani na barua ya mistari miwili. Wa kwanza unasema kwaheri, wa pili unaulizia koti lake. Nilisimama nikakitazama kiti chake. Miaka kumi na moja nimekuwa kocha msaidizi wa Zeitouna, hapa Sfax, daraja la tatu, na miaka yote hiyo kiti kile kimekuwa hatua mbili tu kutoka changu.

Mwenyekiti wetu, Haji Mokhtar, atamtaja kocha mpya Jumapili. Nikamuuliza atamchaguaje. Akanionyesha simu. Mudarrib! Ule mchezo wa kompyuta ambamo mtu aliyekaa kwake na soksi anajifanya kocha, ananunua wachezaji, anapanga timu, anafukuza watu. Klabu zote za dunia zimo, hata sisi. Haji ana kinu cha zeituni na haamini kitu kisichopimwa. Alisema mafuta anayajua kwa tindikali, na kocha atamjua kwa namba.

Nikakimbia nyumbani kutazama namba zangu. Kila sifa hupimwa kwa ishirini. Kusoma mchezo: sita. Kuhimili presha: mbili. Mbili! Golikipa wetu wa akiba, anayelia kabla ya mechi za kirafiki, ana tano. Na Lassaad, kocha wa makipa, mtu anayekula sandwichi katikati ya mazoezi, kusoma mchezo kapewa kumi na moja.

Nani kaandika haya? Nasikia kila klabu ina mtu wake wa kujitolea, anayekaa jukwaani kimya kimya, anatazama, kisha anawatumia namba wenye mchezo. Hajulikani. Halipwi. Miaka yote hii kumbe kuna jicho mgongoni mwangu. La nani?

Mke wangu Saloua, bila kuinua macho kwenye cherehani yake, alisema kama naitaka kazi niende kinuni nikaiombe. Wanawake na mpira, mbalimbali.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata njia. Siwezi kubadili namba, basi nitauvunjia mchezo wenyewe heshima. Kuna ukurasa ambapo walioununua huweka maoni yao, wazi kwa dunia nzima. Haji huusoma. Akiona unasemwa vibaya, ataacha kuuamini.

Nilianza kwa kusoma ya wenzangu, nipate mtindo. Nikanasa humo kuanzia chai ya asubuhi hadi adhana ya alasiri. Watu hawa! Mmoja anasema mabeki husimama kama nguo kwenye kamba. Mwingine, kipa wake aliomba likizo siku ya fainali. Mwingine analalamika kwamba mchezo wa mwaka huu ni ule ule wa mwaka jana, wamebadilisha jezi tu. Na mmoja kaucheza saa elfu mbili na mia nne, imeandikwa pale pale, kisha chini akaandika: siupendi, msinunue. Saa elfu mbili na mia nne! Nilitaka kumjua. Ana mke? Anakula nini?

Kisha nikaandika yangu. Saba, kwa majina saba. Johan wa Uswidi. Daktari Petra wa Prague. Baba wa Watoto Watano, Peru. Kila mmoja nilimpa tabia yake. Johan ni mkavu, Petra anatumia neno “kisayansi” mara tatu, Baba wa Watoto Watano anamtaja Mungu. Wote wanasema nyasi ni nzuri na mashabiki wanapendeza, lakini mchezo mzima umeharibiwa na kosa moja kubwa: kocha msaidizi wa Zeitouna ya Sfax amepunjwa.

Nilimsomea Saloua. Aliuliza mtu wa Peru amemjulia wapi kocha msaidizi wa Zeitouna. Nikamwambia dunia siku hizi ni kijiji.

Jumatano, 8 Novemba

Mechi ya kombe, nyumbani, mchana. Kwa kuwa hatuna kocha, nilisimamia mimi. Tumefungwa mbili bila. Sitaki kuizungumzia. Nitasema tu kwamba nilimtoa winga wa kushoto nikaingiza winga wa kushoto, kisha tukagundua kwamba wa kulia ndiye aliyekuwa anachechemea.

Lakini macho yangu hayakuwa uwanjani sana, yalikuwa jukwaani. Nilimtafuta mwenye daftari. Nikamwona mfamasia anaandika! Nikamtuma daktari wa timu akachungulie. Anajaza chemshabongo. Nikamshuku Lassaad mwenyewe, nikamwomba aniandikie orodha ya makipa nipate mwandiko wake. Akaandika. Halisomeki hata neno moja, yeye mwenyewe kashindwa.

Baada ya mechi nilinunua mbegu za alizeti kwa Khalti Mbarka, kama kila wiki. Ni khalti, yaani mama mdogo, wa uwanja mzima. Ana miaka ishirini na mbili kwenye kigoda chake nyuma ya benchi letu, na haijawahi kuchezwa mechi hapa bila sauti ya mbegu zake kati ya meno ya watu. Hufunga kwenye karatasi iliyosokotwa: barua za umeme, mitihani ya wajukuu, chochote. Nilitafuna kwa hasira hadi mwisho. Nikaikunjua karatasi niitupe.

Mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka. “Mongi. Hupiga kelele kuanzia dakika ya sabini, hajui kwa nini. Presha: 2. Sauti: nzuri sana, lakini mchezo hauna safu ya sauti.”

Mongi ni mimi. Nilikaa chini kwenye ngazi. Khalti Mbarka!

Alhamisi, 9 Novemba

Leo ningekwenda kwake, lakini asubuhi nilifungua ule ukurasa kwanza. Makosa.

Maoni yangu saba yamejibiwa. Watu wameshangaa. Zeitouna ni nini? Msaidizi gani huyu anayetetewa kutoka Uswidi hadi Peru? Mtu mmoja wa Bergen akasema amepata shauku, anaichukua Zeitouna aone. Wakamfuata wengine. Kufikia saa nne walikuwa arobaini, kila mmoja kwake, kila mmoja kocha mkuu wa Zeitouna. Arobaini wamekikalia kiti changu kabla yangu!

Na jambo la kwanza walilofanya, karibu wote, ni kumfukuza msaidizi.

Wanaandika kwa furaha. Wa Bergen amenifukuza na amepanda daraja. Bibi mmoja wa Kanada amenifukuza, akachukua kombe. Wa Chile ndiye peke yake aliyenibakiza, kwa huruma, ameshuka daraja na anaomba ushauri.

Saloua aliniuliza mbona nimekaa hivyo. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema kwamba mtu aliyefukuzwa mara thelathini na tisa kabla ya chakula cha mchana bila shaka ana nafasi ya kwenda sokoni. Nikaenda. Njia nzima nilikuwa najiuliza yule bibi wa Kanada alimweka nani mahali pangu.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Khalti Mbarka baada ya sala. Nilikuwa nimepanga ujanja. Nitanunua mbegu zote, sufuria nzima, kisha nitaleta mazungumzo polepole kwenye namba. Nikasema nataka zote. Akaniuliza nina wageni au nina shida.

Nikamwonyesha karatasi. Hakushtuka hata kidogo. Alikiri kwamba ni yeye, mwaka wa tisa sasa. Nikamuuliza kwa nini alificha. Akasema hakuficha, hakuna aliyewahi kumuuliza.

“Kila mtu huja hapa akaniambia mimi timu ilivyocheza,” alisema. “Miaka ishirini na mbili nasikiliza. Mwanangu, mimi najua tunafungwa kabla yenu. Watu wakiacha kutafuna, beki ya kushoto imefunguka.”

Nikajikuta namuuliza maswali. Vipi anajua kasi ya mchezaji? Anahesabu mbegu anazomenya mtu wa mbele yake wakati mchezaji anakwenda kona hadi kona. Vipi anajua akili ya kiungo? Anatazama kama anageuza shingo kabla ya kupokea mpira. Nilikaa saa mbili! Nimejifunza mpira zaidi kuliko kwenye kozi ya Tunis. Kisha nikakumbuka nilichokuja kutafuta.

Nikamwomba aniongezee. Kusoma mchezo, angalau kumi na mbili. Akakataa. Akasema ile sita yenyewe ni kwa ajili ya siku nne ambazo nilipatia, na anazikumbuka zote nne. Presha? Akanicheka hadi akashika goti.

Lakini akasema iko sifa moja ambayo hakuwa na uhakika nayo. Uaminifu kwa klabu. Ameniwekea kumi na mbili, ile namba anayompa mtu ambaye moyo wake haujui. Orodha ya mwisho anaituma kesho jioni. Nikiwa na ushahidi, nilete.

Uaminifu! Mbona sikuwaza hilo? Mwenyekiti gani asiyetaka kocha mwaminifu?

Jumamosi, 11 Novemba

Nimepeleka ushahidi kwenye mfuko wa kitambaa. Barua ya klabu ya Kerkennah ya mwaka 2017, iliyoniita niwe kocha mkuu, na nakala ya jibu langu la kukataa. Picha ya harusi yangu, niko na suti uwanjani saa moja asubuhi napanga koni za mazoezi. Saloua naye nilimleta awe shahidi. Alishuhudia bila kusita kwamba mwana wetu wa kwanza alizaliwa mimi nikiwa kwenye basi la timu, wa pili nikiwa kwenye basi la timu, na kwamba basi lenyewe liliharibika mara zote mbili. Alisema hivyo kwa sauti ambayo sikuipenda, lakini ushahidi ni ushahidi.

Khalti Mbarka aliitazama ile picha ya harusi kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kumpa mtu ishirini, si mchezaji, si kocha.

“Una hakika ndiyo unayoitaka?” aliniuliza. “Ikishaingia haitoki mpaka mwakani.”

Nilikuwa na hakika. Akavaa miwani, akabonyeza simu kwa kidole kimoja. Ishirini!

Nimefurahi vibaya sana. Njiani Saloua aliniuliza kama bado sijaenda kumwomba Haji. Nikamwambia namba zitaniombea.

Jumapili, 12 Novemba

Haji Mokhtar alituita kinuni. Mafuta mapya ya mwaka yalikuwa yanatoka, ya kijani kibichi, na mkate wa moto umepangwa kwenye sinia. Timu nzima ilikuwapo. Nilikuwa nimevaa ile suti ya harusi. Inabana, lakini imo kwenye kumbukumbu.

Haji alichovya, akatafuna, akafuta masharubu. Kisha akatutangazia kocha mkuu mpya. Lassaad.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lassaad alikuwa na mkate mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Nilimngoja Haji kando ya mawe ya kusagia. Nikamuuliza kama amezitazama namba mpya. Akasema amezitazama usiku na asubuhi, na ndizo zilizomwamulia. Kusoma mchezo, presha, hayo hakuyajali, kwa maana makocha wetu wote ni wabovu. Alitazama uaminifu tu. Lassaad ana tatu.

“Lassaad nisipompa leo, kesho yuko kwa majirani,” alisema. Akaniwekea mkono begani, na macho yake yalikuwa na upendo wa kweli. “Wewe, Mongi, wewe ni ishirini. Nikupe nini tena? Wewe upo.”

Alinijazia chupa ya mafuta, ya kwanza ya mwaka, ile asiyompa mtu. Nimerudi nayo kwa miguu nikiwa nimeikumbatia, na nimelia kidogo karibu na duka la mfamasia. Aliniona. Hakuandika kitu.

Saloua aliipokea chupa. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: je, Lassaad aliiomba kazi? Ndiyo, Jumatatu ile ile. Alikwenda kinuni na sandwichi yake, akaomba.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimelala, nimeamka, nimeona kosa lilipokuwa. Namba ni kubwa mno. Haji hawezi kumwogopa mtu wa ishirini. Nikipata tatu kama Lassaad, nitaogopwa, na nikiogopwa nitapandishwa. Khalti Mbarka nimemwendea mapema. Amesema mwakani, na nimpishe mteja.

Basi nimerudi kwenye ule ukurasa. Jina la nane: Nakagawa wa Osaka. Nakagawa anasema mchezo ni mzuri, mabeki wanasimama vizuri, ila uaminifu wa kocha msaidizi wa Zeitouna umetiwa chumvi. Nakagawa ana habari za uhakika kwamba mtu huyo ni nyoka.

Nilipokuwa pale nikasoma ya wengine. Wa Bergen ameandika tena. Tangu namba mpya ziingie kuna ugonjwa mpya kwenye mchezo: akimfukuza yule msaidizi wa Zeitouna, siku hiyo hiyo anaomba kurudi. Amemfukuza mara sita. Mara sita karudi. Bibi wa Kanada naye hivyo hivyo, anasema sasa amemwacha abaki, amemzoea. Nilisoma mara mbili. Sijui kwa nini nilifurahi.

Maneno peke yake hayatoshi, lazima nionekane. Mpango ni huu. Kesho nitakaa kwenye mkahawa wa majirani, mchana kweupe, meza ya mbele, na mwenyekiti wao. Sfax nzima ione. Kufikia jioni Haji atakuwa amesikia, na kufikia Jumatano atakuwa anatetemeka.

Kuna tatizo dogo tu. Kesho mazoezi ni saa tatu, ya kwanza ya Lassaad, na Lassaad hajui ufunguo wa stoo unawekwa wapi. Wala hajui kwamba wavu wa goli la kaskazini hufungwa kwa kamba ya viatu. Vijana watapoteza nusu saa. Basi nitakwenda kwanza kupanga koni, nifunge wavu, nimwonyeshe ufunguo, niwasubiri wamalize. Kisha ndipo nikawasaliti.

Nimeshatega kengele ya saa kumi na mbili na nusu.