Bomba la Fundi Saa na Nyanya za Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kwa binti yetu aliyejifungua. Kaniachia nyumba, funguo na nyanya zake. Kuhusu nyumba hakusema neno. Kuhusu nyanya alisema mpaka dereva akapiga honi. Mbegu zilikuwa za marehemu mama yake. Amezitunza kabatini mwaka hadi mwaka, na safari hii kazipanda zote. Zikifa hizi, ndiyo basi tena. Nimwagilie jioni, ning'oe magugu kwa mkono. Kwa mkono! Na mgongo wangu huu!

Lakini kaahidi: akizikuta zimesimama, kona ya nyuma ni yangu, niweke mizinga ya nyuki. Nimeiomba kona hiyo tangu enzi. Anadai sijawahi kutunza kitu kikapona. Uzushi mtupu. Yule kasuku alikufa kwa uzee. Alikuwa na miaka minne.

Nimekagua bustani. Magugu ya ndago njiani, ndago ukutani. Ng'ambo ya ua, kwa Fundi Saa, hakuna hata unyasi mmoja. Kila asubuhi yuko pale kainama, utadhani kadondosha skrubu. Leo kanivulia kofia akaniuliza kama hizi ndago nazifuga au zimekuja zenyewe. Haya. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi

Duka la pembejeo. Muuzaji kanihoji utadhani hakimu. Magugu ya majani membamba au mapana? Yako peke yake au kati ya mazao? Nikamwambia nataka dawa ya kuua, si mahojiano. Akaeleza kwamba kuna dawa zinazochagua na zisizochagua. Isiyochagua huua kila cha kijani inachokigusa, kwa hiyo ni ya njiani na ukutani tu, nyanya nisizisogelee nayo. Ndani ya tuta la nyanya, alisema, hata yeye hutumia jembe dogo na kutandaza nyasi kavu. Muuza dawa anakushauri usinunue dawa! Duka litamfia.

Nimechukua isiyochagua. Napenda kitu kisicho na upendeleo.

Nimesoma lebo. Maandishi madogo kuliko sisimizi. Glavu, buti, nguo ndefu, barakoa. Usipulize penye upepo. Pima kwa kifuniko. Baada ya kazi, suuza bomba... hapo miwani ikateleza, nikaona nimeelimika vya kutosha.

Bomba la kupulizia sina. Analo Fundi Saa. Nikameza mate nikaenda kuomba. Kanipa kwa sharti moja: lirudi limeoshwa, kwa sababu yeye hulitumia kwa mbolea ya maji, na dawa kidogo tu ikibaki ndani inatosha kuunguza nyanya. Nikamuuliza kama anadhani anaongea na mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya vita! Koti la mvua la mke wangu, buti, barakoa, glavu za kuoshea vyombo, miwani ya zamani ya kuogelea ya binti yangu. Fundi Saa alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwacha acheke. Upepo shwari. Nyanya nimezifunika kwa mashuka, na mche mmoja mdogo wa pembeni, mashuka yalipoisha, nikaufunika kwa ndoo nyeupe ya plastiki. Nikapuliza njia, nikapuliza ukuta. Hata tone halikwenda kwenye nyanya! Nilijionea fahari.

Kisha joto. Nikaanua mashuka, nikaoga, nikajinyoosha. Bomba nitaliosha baadaye. Nikasikia Fundi Saa dirishani akiuliza kama liko safi alichukue. Nikajibu, macho yamefumba, kwamba liko safi kabisa. Kulala ni muhimu kwa mtu wa umri wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ndago zinabadilika rangi! Mke wangu kapiga simu. Mjukuu ana paji la uso langu, maskini. Anarudi Jumatano. Nikamwambia aje na utepe wa kupimia kona yangu.

Mchana kaja Fundi Saa na sura ya upole. Nikaingiwa na wasiwasi. Kasema amenionea huruma ninavyohangaika, na jana nilipotoka kanipulizia mbolea ya maji kwenye nyanya zote za shemeji yake, zimpokee zimenawiri. Kaanza na zetu kabla ya zake. Nikamuuliza ametumia bomba lipi. Akashangaa: kwani anayo mangapi?

Bomba lile lile nililosema liko safi. Nikamshukuru sana.

Jumapili, 9 Machi

Majani yamejikunja. Manjano matupu. Nimekaa juu ya ndoo pale bustanini nikalia, na sioni haya kuliandika. Si kona tu. Mama mkwe alinipenda yule, peke yake katika ukoo mzima.

Baadaye akili ikarudi. Sokoni kuna nyanya. Nyumbani kuna uzi.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa nafunga nyanya ya mwisho kwenye shina lililokauka mke wangu aliponishika bega. Nyuma yake Fundi Saa, kambebea begi. Nyanya yangu moja ilikuwa bado na kibandiko cha sokoni.

Nikatapika yote: bomba, usingizi, ule uongo wa dirishani. Fundi Saa alifoka, akasema nimemfanya muuaji wa nyanya za shemeji yake. Mke wangu hakufoka. Aliketi kwenye ndoo na machozi yakamtoka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Kisha akauliza kwa nini ndoo iko katikati ya bustani.

Tukaifunua. Ule mche mdogo! Niliusahau! Umepauka, umepinda, lakini mzima!

Mke wangu akaupigia magoti. Akasema nyanya moja tu ikiiva hapa, mbegu za mama yake zitajaa tena kabatini. Akacheka huku analia, akaniita mjinga wake. Nimefurahi mno. Kona, kasema, tutaizungumza mche ukizaa. Ila kwanza bomba la watu lioshwe.

Alhamisi, 13 Machi

Mtu mpya! Nimeisoma lebo nzima, kasoro mstari wa mwisho uliokunjamana, unaosema kitu kuhusu maji ya kusuuzia. Nimevaa glavu. Nimelifuata bomba kwa Fundi Saa, nimelisuuza mara tatu, likang'aa. Nimelirudisha mwenyewe. Kalinusa, kalikagua, kakubali. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunikejeli.

Maji ya kusuuzia yalijaa ndoo mbili. Mimi si mtu wa kumwaga maji ovyo. Nimeumwagilia ule mche wetu, taratibu, kuanzia majani mpaka shinani, mpaka ukashiba.

Kesho naanza kuchonga mizinga.