Bata wa Tarumbeta

Jumatatu, 3 Machi
Naandika nimesimama, maana kukaa kumenishinda. Leo dukani, nikipachika vioo kwenye fremu za miwani, mteja mmoja alinisimulia kuhusu kabati la jirani yake, mjane wa mzee aliyekuwa akiendesha mashine kwenye ile sinema iliyofungwa. Milango ya kabati, kwa ndani, imebandikwa mabango ya katuni fupi za zamani. Zile za dakika saba, zilizotangulia picha kubwa. Nikauliza, kama mtu asiyejali, iwapo kuna bata. Akasema yupo, amevimbisha mashavu anapuliza tarumbeta.

Kioo kikaniponyoka.

Miaka kumi na moja namtafuta bata huyo. Baba alinipeleka kumwona nikiwa na miaka sita. Ndiyo siku pekee niliyomwona baba akicheka mpaka akatokwa na machozi.

Mume wangu anasema niende nikaombe tu. Maskini, hajui lolote kuhusu kukusanya mabango. Ukiomba, mtu anashtuka kwamba ana kitu cha maana.

Jumanne, 4 Machi
Nimebeba begi la vifaa hadi kwa mjane. Nikasema duka letu linawapima wazee macho majumbani, bure. (Dukani hawana habari.) Alifurahi, akanipeleka chumbani kwenye mwanga mzuri. Kabati wazi! Punda mpishi. Paka wawili juu ya ngazi. Na bata wangu, njano kabisa. Nilichanganyikiwa hata nikapima jicho lilelile mara mbili.

Macho yake ni mazima kuliko yangu. Nikakunja uso, nikamwambia rangi kali za zile picha zinamchosha mboni, afadhali zitoke. Nimeahidi kurudi kesho nimsaidie kuzibandua.

Nimerudi nyumbani karibu nirukeruke. Nimeshapima ukuta wa sebule. Picha ya harusi yetu itahamia koridoni.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mjane alishikwa na wasiwasi, akadamkia kwa Mfamasia kutafuta dawa ya matone, akamweleza kila kitu. Kati ya watu wote, Mfamasia! Mwenye mabango hamsini na matatu, anayenisalimia kwa kuuliza hali ya "vibango vyangu". Alifunga duka lake, akaenda kubandua kwa mvuke wa birika. Nilipofika, milango ya kabati ilikuwa mitupu. Mjane alinishukuru kwa kumwokoa macho. Nikasema si kitu.

Nimelala kitandani na viatu.

Alhamisi, 6 Machi
Mjane amekuja dukani kumshukuru bosi kwa huduma ya majumbani. Bosi akanigeukia taratibu. Sikuwa na pa kukimbilia, nikakiri yote pale kaunta, mbele ya wateja wawili.

Mjane akasogea karibu na kaunta. "Kumbe ulikuwa unamtaka bata?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Si ungesema tu, mwanangu? Huyo sikumpa Mfamasia. Nilimficha chini ya godoro, nikasema macho yakiuma, na yaume. Marehemu alikuwa akimcheka kila asubuhi akichukua shati."

Nikamsimulia kuhusu baba. Akasema basi twende nikamchukue, bata hafai kulaliwa. Nililia mtaani, na bango mkononi, mtu mzima mimi.

Bosi ameamua kwamba huduma ya majumbani sasa ipo kweli. Kila Alhamisi, mimi, kwa miguu, bila nyongeza ya mshahara. Wa kwanza kwenye orodha ni mama yake mzazi.

Ijumaa, 7 Machi
Bata yuko ukutani. Nimekunywa chai nikimtazama, nikasahau kwenda kazini. Mume wangu naye alisimama mbele yake, akacheka hadi akashika meza. Halafu akaharibu kila kitu kwa kusema kwamba kuomba kungetosha tangu Jumatatu.

Nimetafakari sana na nimeliona kosa langu. Macho yanamtia mtu wasiwasi, anakimbilia dawa. Nilipaswa kusema kabati lina mchwa.

Kwa mfano kinyozi wa kona ya pili. Nyuma ya mlango wake kuna tembo anayepiga deki kwa mkonga, bango safi, halijakunjwa hata pembe. Kinyozi ni mtu mkarimu, humpa kiti hata asiyenyoa. Ndiyo maana nahitaji uangalifu mkubwa.

Mume wangu anauliza natafuta nini stoo. Nimemwambia hakuna. Ovaroli yake inanibana kidogo mabegani, lakini nikishika tochi naonekana mkaguzi kamili.