Siku Makamu Aliposoma Karatasi ya Pili

Jamani, leo nimeaibika mpaka koti nililovaa limeaibika. Na koti lenyewe la kuazima.

Naeleza mwenyewe, maana najua video imeshaanza kuzunguka kwenye magrupu na kila mtu anaongeza chumvi yake. Mimi ndiye mwenye aibu, nisikilizeni mimi.

Kwa wasionijua, naitwa Elia, makamu mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa ugavi chuoni kwetu hapa Singida mjini. Ugavi ni ile kazi ya kununua, kupokea na kutunza mali za ofisi na viwanda. (Nyumbani Iguguno wanaamini nasomea kubeba magunia. Nimechoka kubisha.) Katiba ya chama imempangia kila kiongozi kazi zake. Mwenyekiti, dada Rehema, ana kazi kumi na mbili. Katibu, Joyce, ana kumi na nane, kajiandikia mwenyewe na anazifurahia. Makamu ana moja: atafanya kazi za mwenyekiti pale mwenyekiti asipokuwepo.

Basi. Na Rehema yupo siku zote! Ana mtoto wa miezi saba mgongoni na bado anafika kikaoni kabla yangu. Miezi sita sasa mimi nakaa kiti cha pili na kupiga makofi. Kazi nzito kuliko zote niliyowahi kupewa ni kumshika yule mtoto ili mama yake asaini barua. Akanikojolea.

Sasa leo tulikuwa na mgeni rasmi, Mzee Omari, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule Mandewa. Tulimwita kwa sababu moja: atupokee wanafunzi wanne kwenda fildi, yale mafunzo ya vitendo, kwenye stoo yake. Wenzetu wengi wamepangiwa mbali. Rehema kapangiwa Itigi. Yeye anaishi Mandewa na mama mkwe, mume yuko kazini huko mbali, na mtoto bado ananyonya. Minong'ono ilikuwa kwamba akikosa nafasi ya karibu ataahirisha mwaka. Mwenyewe ukimuuliza anajibu, "Tutaona." Ndiyo Rehema huyo, hajui kulia shida mbele za watu.

Saa mbili asubuhi simu ikaita.

"Elia, mtoto amechemka, nampeleka zahanati. Nakutumia hotuba kwa bodaboda. Ipitie kabla ya kusoma, sawa?"

"Pole sana dada. Usijali. Nimekusikia."

Nikakata simu. Mungu anisamehe, nilimhurumia mtoto kama dakika moja, halafu nikaenda kutafuta koti.

Koti nikaliazima kwa jirani mwenye mwili mkubwa, mabega yakawa yananitangulia. Bahasha ikafika. Ndani karatasi mbili, mwandiko wa Rehema ule wa kupendeza. Je, niliipitia? Sikuipitia. Nilikuwa mbele ya kioo nafanya mazoezi ya kuweka mkono kifuani. Niliona viongozi wakubwa wanaweka mkono kifuani wakitaka kuonekana wanasema kweli.

Mlangoni mwa ukumbi Joyce akanikamata na katiba mkononi. "Makamu, unasoma hotuba ya mwenyekiti kama ilivyoandikwa. Huongezi, hupunguzi. Leo wewe ndiye mwenyekiti."

"Katibu, unaniona mtoto?"

"Makamu wa mwaka jana aliongeza utani wake, mgeni akaondoka hajala. Simu."

Viongozi wa meza kuu tunamkabidhi Joyce simu zikiwa zimezimwa. Ni kazi yake ya kumi na tatu. Nikampa.

Mzee Omari akaingia. Jamani, yule mzee hacheki! Balaghashia nyeupe, fimbo, uso kama amekuja kukagua deni. Tukasimama wote, "Shikamoo mzee!" Akajibu, "Marahaba," akakaa, akatazama saa. Watu themanini, viti vya plastiki vimejaa, mlezi wa chama yuko pembeni yake anatabasamu kwa wasiwasi. Nje upepo wa kwetu ule unapiga mabati.

Nikaitwa. Nikasimama. Nikaona nimezaliwa kwa ajili ya siku hii.

Karatasi ya kwanza ilikwenda vizuri, nisimsingizie mtu. Nikamkaribisha mgeni, nikataja chama kilianza vipi, nikaomba zile nafasi nne. Sauti imetulia. Mkono kifuani. Mwisho wa ukurasa pameandikwa, "Ahsanteni kwa kunisikiliza." Nikasoma. Watu wakaanza kupiga makofi.

Mwenye akili hapo angekaa.

Lakini miezi sita, ndugu zangu! Nimengoja miezi sita, halafu nisome ukurasa mmoja nikae? Nikaitazama ile karatasi ya pili. Nikainua mkono kuyazuia makofi, tena kwa madaha. "Bado, bado. Bado nipo." Makofi yakakatika. Nikarudisha mkono kifuani, nikavuta pumzi, nikasoma kwa sauti ya kiongozi:

"Miezi saba iliyopita nilijifungua mtoto wa kike."

Watu wakatazamana.

Hebu nielezeni, kwa nini mdomo una mbio kuliko akili? Maana akili ilikuwa bado inafunga kamba za viatu, mdomo umeshafika mstari wa pili. "Nilijifungua Jumanne. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye chumba cha mtihani, sijaweza hata kukaa vizuri."

Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Weee!"

Na mimi mkono bado uko kifuani! "Maziwa yalijaa mpaka blauzi ikalowa, nikafanya mtihani nimejifunika kanga." Hapo macho yangu yakashuka yenyewe kulitazama lile koti, kama vile nahakikisha. Ukumbi mzima nao ukatazama.

Jasho hili hapa. Nikamgeukia Joyce aniokoe. Joyce akagonga katiba kwa kalamu, midomo ikasema bila sauti: kama ilivyoandikwa.

Mzee Omari akainua fimbo.

"Kijana. Ngoja kwanza. Nani kajifungua?"

Jibu lilikuwa rahisi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini kichwani nilikuwa na sauti ya Joyce tu, leo wewe ndiye mwenyekiti, leo wewe ndiye mwenyekiti. Nikasimama wima kama mgambo, nikajibu kwenye maiki:

"Mimi, mzee."

Aisee. Ukumbi ulipasuka. Kuna dada aliteleza na kiti chake mpaka chini. Mlezi alifunika uso kwa ratiba. Simu zote zikapanda juu, na hapo ndipo ilipozaliwa hiyo video mnayotumiana. Nilitamani upepo wa Singida ung'oe bati, unichukue na koti langu, ukanitue Iguguno kwa mama.

Mzee peke yake hakucheka. "Na huyo mtoto sasa hivi yuko na nani?"

"Yuko na mama yake, mzee."

"Si umesema mama yake ni wewe?"

Watu wakaanza upya. Mimi machozi yananilenga, nasema kweli. Nikamwambia, "Mzee wangu, samahani. Hii ni hotuba ya mwenyekiti wetu, dada Rehema. Mimi ni makamu tu. Mtoto wake ana homa, yuko naye zahanati."

Mzee akagonga fimbo sakafuni mara mbili.

"Mnacheka nini? Mwenye maneno hayupo, mtoto wake anaumwa, nyie mnacheka. Kijana, maliza."

"Mzee, nadhani inatosha..."

"Maliza!"

Nikamaliza. Mkono niliutoa kifuani, nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma kwamba amepangiwa Itigi. Kwamba mtoto anakataa maziwa ya kopo. Kwamba akiahirisha mwaka, anaogopa hatarudi tena, maana amewaona wenzake walioahirisha. Halafu mstari wa mwisho: "Sitafuti huruma. Natafuta stoo ambayo saa saba naweza kukimbia nyumbani kunyonyesha, na nikawa nimerudi kabla lori la alizeti halijashushwa. Nikichelewa siku moja, nifukuzeni."

Hapo hakuna aliyecheka. Yule dada aliyeanguka na kiti alikuwa anafuta macho kwa kilemba. Mimi nimemjua Rehema miaka miwili na sikuwahi kumuuliza hata siku moja anafikaje mapema vile.

Mzee Omari akasimama. Akasema alikuja kutukatalia. Mwaka jana alipokea wanafunzi, wakakaa kivulini wanachezea simu, siku ya mwisho wakataka awasainie. Akaapa basi. "Lakini mtu anayehesabu dakika za lori na za mtoto kwa pamoja, huyo ndiye mtunza stoo. Aje Jumatatu. Mke wangu yupo pale pale kiwandani, mtoto atalala kwetu, hana haja ya kukimbia. Na wengine watatu waje naye, yeye awachague."

Makofi! Vigelegele! Joyce, mwanamke wa chuma, alirusha katiba juu.

Nikaona na mimi nijisogeze, fildi sina bado. "Na mimi mzee, je?"

Akanitazama toka viatu hadi kichwa. "Wewe arobaini yako haijaisha. Pumzika." Kisha akaketi kula pilau. (Mpaka naandika hapa sijui kama alitania.)

Tulipomaliza kula Joyce akanirudishia simu. Nikaiwasha. Ujumbe wa Rehema, umetumwa kabla hata sijapanda jukwaani:

"Elia nimekosea, karatasi ya pili USISOME. Ni ya kwangu, nilitaka kumpa mzee mkononi tukiwa wawili tu. Tafadhali. Sitaki watu wajue."

Nikakaa kwenye ngazi za ukumbi. Kuchekwa nilishazoea kwa saa mbili zile, lakini hili lilikuwa jingine. Nilikuwa nimeitoa siri ya mtu mbele ya watu themanini kwa sababu niliona ukurasa mmoja ni mfupi. Nikampigia.

"Dada, mtoto anaendeleaje?"

"Homa imeshuka. Elia, mbona watu wananitumia pole? Pole ya nini?"

Nikamwambia yote. Sikuficha. Nikamwambia sikuipitia hotuba, nilikuwa kwenye kioo. Nikasikia mtoto analia kwa mbali, na yeye anapumua. Nikasema, "Nisamehe dada. Nimekuaibisha."

"Ulisoma yote? Mpaka ya blauzi?"

"Mpaka ya blauzi."

"Na mzee kasemaje?"

"Kasema uje Jumatatu. Mtoto atalala kwa mke wake. Na ile saa saba, hata kukimbia hukimbii."

Nikasikia ameshusha simu, halafu analia, kilio kile cha mtu aliyebeba ndoo muda mrefu na sasa amefika nyumbani. Nikangoja. Kungoja ndiyo kazi ya makamu, nimeizoea. Aliporudi sauti ilikuwa imekauka.

"Nimekasirika na wewe, ujue."

"Najua dada."

"Nitakasirika mpaka Jumatatu." Akapenga kamasi. "Lakini Elia?"

"Naam."

"Hongera kwa kujifungua salama."

Haya. Toka saa nane mchana chuo kizima kinaniita Mama Elia. Anayetaka kunicheka ruksa, ila aje na kuku wa supu. Mzazi hatembelewi mikono mitupu.