Kulthumu na Vita vya Pasi Moja

Sogeeni, enyi watu wa Gitega, nanyi wa Muyinga mliopita kununua chumvi! Mwenye sufuria motoni akaiepue kwanza, maana habari hii haipendi harufu ya kuungua. Ni habari ya Kulthumu binti Kassimu, simba jike wa mtaa wa Musinzira hapa Gitega, fundi mkuu wa nguo, mshika mkasi asiyetetemeka, na siku aliyoishinda pasi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, barabara ya Muyinga ikifungwa leo na kufunguliwa kesho, wala gari halithubutu kwenda ila katika konvoi, askari mbele na askari nyuma. Harusi ya Zuena, mdogo wake Kulthumu aliyemlea mwenyewe, ilikuwa imeahirishwa hata watu wakaona haya kuiulizia. Sasa ilikuwa kesho, huko Muyinga. Vitambaa vilichelewa njiani vikafika jana magharibi, saa ambayo kila mtu amekwisha kujifungia ndani, na konvoi ingeondoka leo adhuhuri. Na nguo zote, kanzu za wazee na magauni ya wasindikizaji, lazima zipite chini ya pasi moja ya makaa.

"Zuena wangu aolewe katikati ya watu waliojikunja kama matambara?" akanena Kulthumu, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Basi akauita ushindi wake wa zamani. Idi iliyopita, alipozidiwa na kanzu, aliamuru wazee washonewe kwanza, kwa heshima yao, na kila mtu akaenda kuswali amependeza. "Kilichotuokoa siku ile kitatuokoa leo!" akatangaza, na cherehani za karakana yake zikanguruma. Jua likapanda. Kanzu, na darizi zake za shingoni, zikawa zingali mikononi mwa fundi Nassoro.

Ndipo akainuka Murhula wa Bukavu, mpiga pasi na mlinzi wa makaa, akahutubia: "Mama Kulthumu! Mi niko hapa tangu asubuhi. Moto iko, pasi iko, nguo hakuna! Makaa inakufa bure. Alafu saa sita mutaniangushia marobe yote, hizi magauni ya wasichana, na marinda yake, na kila moja inakula moto kuliko maharagi ya arusi. Mi niko mutu, siko mashini!"

Kulthumu akashika kiuno. Loo, maharagwe ya harusi! Akamkumbuka marehemu mama yao, na jiko lake moja, na wageni wamejaa hadi uani. Mama hakuuliza nani mkubwa. Maharagwe, yasiyo na kazi ila kuoshwa, aliyabandika mwanzo. Yakawa yanachemka, na wanawake wanachambua lengalenga, ule mchicha wetu, bila haraka, kwa kuwa lengalenga huonyeshwa moto tu likaiva.

"Simamisheni majeshi!" akanguruma. "Idi ile zilikuwa kanzu tupu, leo sivyo. Magauni ndiyo maharagwe: hushonwa upesi, yakakawia kwenye pasi. Kanzu ni lengalenga: darizi ndefu, pasi kidogo. Magauni mbele!"

Nassoro akashika kichwa. "Na Mzee Athumani, baba wa bwana harusi, akae nyuma ya wasichana? Ala! Tutalaaniwa!"

"Atatulaani akiwa amevaa," akajibu shujaa.

Magauni yakamiminika, Murhula akayapokea kwa mvuke na jasho, na alipokuwa akipigana na marinda, kanzu zikakamilika kimya kimya. Honi ya gari ikalia. Kanzu ya Mzee Athumani, ya mwisho kabisa, ikapitiwa pasi harakaharaka, na Kulthumu akapanda gari ameikumbatia ingali na joto, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake, Muyinga, Zuena aliketi katikati ya watu walionyooka. Mzee Athumani akajitazama, akakohoa. "Kanzu yangu imenyooka kuliko zote. Inaonekana mlianza na mimi."

"Baba, tulikuweka panapokufaa," akasema Kulthumu, na Zuena, aliyekwisha kusimuliwa yote, akacheka hadi wanja ukamtiririka.

Basi waambieni wajukuu: nchi ilipokuwa vitani, Musinzira ilishinda, na maharagwe ndiyo yaliyoongoza jeshi.