Shemeji, Njoo Ung'oe Geji Yako

Mfaranyaki, Songea

Kwa Shemeji Kajetani,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa mdogo wako Remmy, ambaye kwa mwili tu ndiyo mzima. Nakuandikia kwa heshima unayostahili kama kaka wa mume wangu, na heshima hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama usingemtumia kile kidude cha kubandika kwenye dashibodi.

Huenda umesahau ulichotuma, ngoja nikukumbushe. Ni geji inayoonyesha jinsi hewa na mafuta vinavyochanganyika ndani ya injini. Gari likienda mwendo wa raha bila kukanyagwa sana, namba inatakiwa itulie kwenye kumi na nne nukta saba. Ikipanda, hewa imezidi. Ikishuka, mafuta yamezidi. Haya sikuyasoma chuo. Nimeyasikia mezani, kitandani, na Jumapili iliyopita katikati ya mahubiri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Remmy haangalii barabara. Alinunua gari la turbo, kwa maneno yake, ili tufike haraka. Sasa tunakwenda kama tumebeba mayai, kwa sababu akikanyaga, namba inashuka, naye anataka kuiona imetulia. Juzi tulipitwa na mzee wa baiskeli aliyepakia mkaa. Remmy alimtazama kwa huruma, kwamba maskini hajui mchanganyiko wake.

2. Hasikii mtu. Tukiwa safarini nilimweleza kuwa mama yangu anataka kuja kukaa nasi mpaka mavuno. Akatabasamu, akasema, "Safi kabisa." Nikampigia mama. Aliposhuka na mizigo yake, Remmy akanivuta pembeni kuniuliza amekuja kufanya nini. Kumbe iliyokuwa safi ni namba.

3. Hili ndilo linaloniuma. Dada yangu wa Madaba alinipa heshima ya kumsimamia binti yake Oliva kwenye kipaimara. Nilishona kitenge kipya, tukaondoka mapema. Karibu na Gumbiro, barabara imenyooka na gari linateleza vizuri, namba ikapanda hadi kumi na saba. Remmy akaegesha, akafungua boneti, akaisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua. Nilimwambia Baba Askofu hasubiri mtu. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Askofu ana gari lake, Asumpta. Mimi langu ndilo hili."

Tulifika watu wanakula pilau. Oliva alikuwa ameshapakwa mafuta, na mkono uliowekwa begani kwake wakati anapakwa ulikuwa wa jirani aliyeombwa palepale kanisani. Mtoto hakunilaumu. Alininawisha mikono, akaniletea sahani, akaniita mgeni. Shemeji, mafuta niliyopaswa kuyaona siku ile yalikuwa ya paji la uso wake, si ya injini.

4. Kwa kuwa mume wa mtu akimtazama mwingine hivyo lazima huyo mwingine ana jina lake, naomba ukoo ukae kikao umtambue rasmi huyu mke mwenza. Na kwa kuwa kanisa letu haliruhusu wake wawili, mmoja aondoke. Mimi nina watoto na shamba. Yeye ana waya tatu. Zikate.

Nasubiri uje wewe mwenyewe na bisibisi, kwa sababu fundi yeyote wa hapa akiigusa, Remmy atalia mbele za watu.

Msalimie wifi na watoto wote, na majirani zako wenye akili ya kuendesha gari kwa kutazama mbele.

Wako katika subira inayoishia ukingoni,
Asumpta

N.B. Kabla sijaituma barua hii nilichukua gari peke yangu kwenda Maposeni kufuata mahindi, ili Remmy aone kwamba linaendeshwa bila kuitazama ile geji. Nikaitazama mara moja tu. Ilikuwa imepanda. Nikaegesha, nikafungua boneti, na baada ya kupapasa sana nikaukuta mpira wa hewa umechomoka. Nilipourudisha, namba ilishuka yenyewe, polepole, ikatulia. Shemeji, sijui nikuambieje. Nilikwenda nikiitazama mpaka nikapita njia ya shambani, na wabebaji waliokuwa wakinisubiri wakachoka, wakaondoka. Bisibisi iache. Ukija, leta geji nyingine ya kufunga upande wa abiria, maana Remmy akiendesha ananiziba kwa kiwiko.